Profesa Abdus Salam: mwana wa Jhang aliyeunganisha nguvu mbili

Majuzi nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, na nilipozimaliza nikatimiza ahadi niliyompa mpwa wangu, nikampeleka Karen. Mpwa wangu huyu, binti wa dada yangu, amemaliza shule ya sekondari huko kwetu Mombasa, na katika masomo yote, alilolishika kwa mikono miwili ni fizikia. Nyumbani jambo hilo limezua maneno. Mama yake anauliza ni kazi gani atakayoipata mtoto wa kike kwa kujua habari za chembe zisizoonekana kwa jicho. Babu yake anaogopa kwamba elimu hiyo itamchukua Ulaya, na akishakwenda hatarudi. Na bibi mmoja wa mtaani, asiyekosa neno, ameuliza kama elimu hiyo ina Mwislamu yeyote ndani yake.

Swali la bibi huyo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu si mara ya kwanza kulisikia. Nakumbuka jioni moja ya mwaka 1979, nikingali kijana, nimekaa barazani Mji wa Kale na kahawa inazunguka. Redioni ilikuwa imetangazwa kwamba Mwislamu wa Pakistani amepewa Zawadi ya Nobel ya fizikia. Wazee walifurahi sana, na mmoja akasema kahawa ya siku ile yote ataitoa yeye. Kabla vikombe havijajaa mara ya pili, mwingine akauliza mtu huyo ni wa madhehebu gani. Alipojibiwa kwamba ni katika Ahmadiyya, wale ambao kwetu wengi huwaita Makadiani, baraza zima likanyamaza. Yule aliyeahidi kulipa akatazama kikombe chake. Mpaka leo sijui ni nani aliyelipa kahawa ile.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana chanzo cha kimya kile. Mwaka 1953 Ahmadiyya walichapisha Nairobi tafsiri yao ya Kurani kwa Kiswahili, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwana wa Zanzibar aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaandika tafsiri yake, Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969, na ndani yake akawajibu. Mambo ya itikadi yana wenyewe, nao ni masheikh wetu, wala mimi sina elimu ya kuyaingilia. Ninachotaka leo ni kusimulia maisha ya mtu huyo, Profesa Abdus Salam, kisha msomaji apime mwenyewe kama kimya cha barazani kilitosha.

Kutoka mjini tulipanda matatu ya Barabara ya Ngong. Tukapita Adams Arcade na Dagoretti Corner, tukaupita uwanja wa mashindano ya farasi na msitu, mpaka upepo ukabadilika ukawa wa baridi. Watu wengi wakisikia Karen hukumbuka mashamba ya kahawa ya zamani, nyumba ya yule bibi mwandishi wa Denmark, na majumba makubwa yaliyojificha nyuma ya miti. Ni wachache wajuao kwamba katika Karen hiyo hiyo, upande wa Miotoni, ndipo yalipo makao makuu ya Akademia ya Sayansi ya Afrika, yaani jamii ya wanasayansi wa bara hili waliochaguliwa na wanasayansi wenzao. Na wachache zaidi wanajua kwamba mbegu ya Akademia hiyo haikupandwa Nairobi. Ilipandwa mwaka 1985 katika mji wa bandari wa Trieste, nchini Italia, kwenye nyumba ya elimu iliyoasisiwa na Abdus Salam.

KIJANA WA JHANG

Abdus Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926 katika Punjab, wakati Bara Hindi lote lilikuwa bado chini ya Mwingereza. Alikulia Jhang, mji mdogo wa mashambani. Baba yake, Chaudhry Muhammad Hussain, alikuwa mwalimu, baadaye akafanya kazi katika idara ya elimu ya wilaya. Haikuwa nyumba ya kitajiri, lakini ilikuwa nyumba iliyoheshimu kitabu.

Alipokuwa na miaka 14 alifanya mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha Punjab, akapata alama ambazo hakuna aliyewahi kuzipata kabla yake. Habari ikatangulia Jhang, na alipoingia mjini juu ya baiskeli yake watu walitoka kumlaki. Akaendelea na masomo Lahore, na mwaka 1946 akapata msaada wa masomo, akapanda meli kwenda Chuo cha St John's, Cambridge. Huko alifaulu kwa daraja la kwanza katika hesabu na vile vile katika fizikia, kisha akaandika utafiti wa udaktari uliomfanya ajulikane na wakubwa wa elimu hiyo akiwa bado kijana.

Sasa msomaji asikilize vizuri, maana hapa ndipo ulipoanza mtihani wa maisha yake. Mwaka 1951 alirudi nyumbani. Nchi yake ilikuwa imekwisha kuwa Pakistani, naye alitaka kuitumikia. Akapewa kufundisha Lahore, lakini hapakuwa na utafiti wa fizikia wa kushiriki, wala mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake. Mkuu wa chuo alimwambia asahau utafiti na achague kazi moja ya ziada kati ya kusimamia bweni, kushika hesabu za fedha, au kuangalia klabu ya kandanda. Salam alichagua kandanda. Basi mtu ambaye Cambridge ilimtambua kuwa ni miongoni mwa vichwa bora vya zama zake, akawa anasimama pembeni ya uwanja akihesabu mabao.

Mwaka 1953 kukatokea ghasia kubwa Lahore dhidi ya watu wa jamaa yake ya Ahmadiyya. Mwaka uliofuata alifunga mizigo akarudi Cambridge kufundisha. Aliyemwona akiondoka angeweza kusema kwamba huyo naye kaenda Ulaya na hatarudi, kama babu wa mpwa wangu anavyoogopa. Na kwa kweli hakurudi kuishi. Lakini uchungu wa kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake haukumtoka, na baadaye aliufanyia kazi.

NGUVU NNE

Mwaka 1957 Salam alifanywa profesa katika Chuo cha Imperial, London, na mwaka 1959, akiwa na miaka 33, akachaguliwa kuingia katika Royal Society, ile jamii kongwe ya wanasayansi wa Uingereza. Alikuwa anatafuta nini hasa? Nitajaribu kueleza kwa njia yetu.

Wataalamu wanasema kwamba mambo yote ya ulimwengu huendeshwa na nguvu nne. Ya kwanza ni uvutano, unaoangusha dafu kutoka mnazini na unaofanya bahari yetu ijae na kupwa kwa kuvutwa na mwezi na jua. Ya pili ni ya umeme na sumaku, inayowasha taa na kugeuza sindano ya dira ya nahodha. Ya tatu ni nguvu kali inayofunga kiini cha atomu kisitawanyike. Ya nne huitwa nguvu dhaifu. Hiyo huigeuza chembe ya aina moja kuwa ya aina nyingine, na ijapokuwa jina lake ni la unyonge, bila yake jua lisingewaka kama linavyowaka.

Zamani umeme na sumaku vilidhaniwa kuwa vitu viwili mbali mbali, mpaka katika karne ya 19 James Clerk Maxwell akaonyesha kwa hesabu kwamba ni nguvu moja. Salam alijiuliza kama nguvu hiyo na ile dhaifu nazo si kitu kimoja chenye nyuso mbili. Fikiri juu ya maji na barafu. Mtu asiyepata kuona barafu ikiyeyuka ataapa kwamba ni vitu viwili, kimoja kigumu na kingine chororo. Tia moto, utaona ni kitu kimoja. Kwa mfano huo, Salam alisema kwamba katika joto kubwa la mwanzo wa ulimwengu nguvu hizi mbili zilikuwa moja, na ulimwengu ulipopoa zikatengana.

Haikuwa njia nyepesi. Mwaka 1956 alipata wazo kwamba chembe ndogo iitwayo nyutrino haifuati kanuni iliyoaminiwa na wote, ya kwamba kulia na kushoto ni sawa katika maumbile. Alimpelekea wazo hilo Wolfgang Pauli, mwanafizikia mkubwa wa siku zile, naye akamkatisha tamaa. Salam akasitasita kulichapisha. Muda si muda ikathibitika kwamba kanuni ile ilikuwa na kasoro, na Zawadi ya Nobel ya mwaka 1957 ikaenda kwa Wachina wawili waliokuwa Marekani, Lee na Yang, walioihoji kwa uwazi. Tangu siku ile Salam hakukubali tena kuficha wazo lake kwa kuogopa jina la mkubwa.

Hesabu za kuunganisha zile nguvu mbili alizieleza mwaka 1968. Steven Weinberg, Mmarekani, alikuwa amefikia jambo hilo hilo kwa njia yake mwaka 1967, na Sheldon Glashow, Mmarekani mwingine, alikuwa ametangulia kuweka sehemu ya msingi wake. Hesabu hizo zilidai mambo mawili. Kwanza, kwamba nguvu dhaifu ina namna ya kutenda ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Pili, kwamba kuna chembe tatu zinazoibeba nguvu hiyo kama tarishi anavyobeba barua. Tarishi wa mwanga hana uzito, ndiyo maana mwanga husafiri mbali. Lakini hawa watatu, waliopewa majina ya W mbili na Z, ni wazito mno, hawafiki mbali, na ndiyo sababu nguvu yao huonekana dhaifu.

MTAMBO WA KUGONGANISHA

Uthibitisho wa kwanza ulimjia Salam barabarani. Mwaka 1973 alishuka kwenye gari-moshi mjini Aix-en-Provence, Ufaransa, akielekea mkutanoni na rafiki yake Paul Matthews. Wakaamua kutembea kwa miguu na masanduku yao mazito. Nyuma yao ikaja motokaa, ikasimama, na dereva akachungulia kumwuliza kama yeye ndiye Salam. Alikuwa Paul Musset, mmoja wa watafiti wa CERN, kituo kikubwa cha nchi za Ulaya kilichoko karibu na Geneva. Akamwambia apande garini, maana wamekwisha kuiona ile namna mpya ya nguvu dhaifu aliyoitabiri.

Ndipo mwaka 1979 Salam, Weinberg na Glashow wakapewa Zawadi ya Nobel kwa pamoja. Tarishi wale watatu walikuwa bado hawajaonekana na mtu. Kuwapata kulitaka mtambo mkubwa.

Mtambo huo ni njia ya duara iliyochimbwa chini ya ardhi hapo CERN, mzunguko wake karibu kilomita 7. Ndani yake protoni, ambazo ni chembe za kiini cha atomu, zilizungushwa upande mmoja, na chembe zilizo kinyume chake zikazungushwa upande wa pili, kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, kisha zikagonganishwa uso kwa uso. Katika mgongano huo nishati hugeuka kuwa chembe mpya, ambazo hudumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini huacha nyayo zinazoweza kusomwa. Mwaka 1983 nyayo zikasomwa. W ilionekana ina uzito zaidi ya mara 80 wa protoni, na Z karibu mara 100, kama hesabu zilivyokuwa zimetaja. Carlo Rubbia na Simon van der Meer, walioongoza kazi hiyo, walipewa Zawadi ya Nobel mwaka 1984.

Kilibaki kipande kimoja, chembe ya Higgs, ambayo hesabu za Salam na Weinberg ziliiegemea kueleza uzito wa wale tarishi. Hiyo ilipatikana mwaka 2012 katika mtambo mkubwa zaidi wa hapo hapo CERN, wenye mzunguko wa kilomita 27. Salam hakuishi kuiona.

NYUMBA YA TRIESTE

Ule uchungu wa Lahore nilisema aliufanyia kazi. Salam aliona kwamba kijana wa nchi masikini hapaswi kuchagua kati ya kwao na elimu yake. Akalipeleka jambo hilo kwenye Umoja wa Mataifa, akapingwa na wakubwa waliosema kwamba fizikia ya namna hii ni anasa kwa nchi zenye njaa, lakini hakukata tamaa. Mwaka 1964, akisaidiana na Mwitalia Paolo Budinich, akafungua kituo cha kimataifa cha fizikia huko Trieste. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mwalimu wa chuo kikuu kutoka Afrika au Asia huenda pale kwa wiki kadhaa au miezi mitatu, akasoma na kuzungumza na wenzake wa dunia nzima, kisha akarudi kwao kufundisha, na baada ya muda akaenda tena.

Mwaka 1983 Salam aliasisi pia Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu. Wanasayansi wa Kiafrika walipokutana Trieste katika mkutano wake mwaka 1985, walikubaliana kwamba bara lao nalo liwe na akademia yake. Aliyewaongoza alikuwa Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, bingwa wa elimu ya wadudu na mwasisi wa ICIPE ya Nairobi. Mwisho wa mwaka huo Akademia ya Sayansi ya Afrika ikazaliwa, nayo ndiyo hiyo yenye makao Karen. Na tangu mwaka 2018 kituo cha Trieste kina tawi lake Afrika Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Rwanda mjini Kigali, ambako vijana wetu husoma fizikia hiyo hiyo bila kuvuka bahari.

MTU NA KWAO

Siku ya kupokea zawadi, Stockholm, Salam alivaa kilemba, kanzu ndefu ya kwao na viatu vya Kipunjabi vilivyochongoka ncha. Katika hotuba yake ya karamuni alisoma aya za Suratul Mulk, zile zinazomwita mtu atazame uumbaji tena na tena kama ataona kasoro. Katika hotuba zake nyingine alipenda kukumbusha kwamba Wazungu wa zamani walisafiri mpaka Toledo kutafuta elimu kwa Waarabu, na aliwataja Ibn al-Haytham na al-Biruni kama mtu anayetaja babu zake. Sehemu yake ya fedha za zawadi hakujinunulia kitu. Aliitoa yote kwa wanafizikia wa nchi zinazoendelea.

Mwaka 1981 alikwenda Calcutta kumtafuta mwalimu wake wa hesabu wa ujanani, Mhindu, ambaye tangu mgawanyiko wa 1947 aliishi upande wa pili wa mpaka. Alimkuta mzee, mgonjwa kitandani. Salam akamwekea mkononi ile medali ya dhahabu, akamweleza kwamba ni matunda ya mafundisho yake.

Kwao mambo yalikuwa mengine. Tangu mwaka 1961 alikuwa mshauri mkuu wa sayansi wa rais wa Pakistani. Mwaka 1974 bunge lilipopitisha sheria kwamba Ahmadiyya si Waislamu, aliacha kazi hiyo. Alipokwenda nyumbani mwisho wa 1979 na zawadi yake, serikali ilimpa nishani ya juu, lakini sherehe iliyopangwa katika chuo kikuu cha Islamabad haikufanyika pale kwa sababu ya vitisho. Hata hivyo hakukubali kuchukua uraia wa Uingereza wala wa Italia. Alibaki na pasipoti ya Pakistani mpaka mwisho.

Miaka ya mwisho maradhi ya mishipa ya fahamu yalimnyang'anya mwendo, kisha sauti. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah, Pakistani, karibu na wazazi wake. Kwenye jiwe la kaburi lake iliandikwa kwamba ni Mwislamu wa kwanza kupata Zawadi ya Nobel kwa kazi yake ya fizikia. Kwa amri ya mkubwa wa serikali ya mahali pale, neno Mwislamu likafutwa, na sentensi ikabaki na pengo katikati. Mwaka 1997 kituo cha Trieste kilipewa jina lake.

Mimi na mpwa wangu tulisimama Miotoni kitambo, chini ya miti. Nilimsimulia haya yote, hata habari za kaburi, kwa sababu sikutaka aende kwenye elimu hii akidhani njia yake haina miiba. Aliniuliza kama mjomba angekuwa barazani siku ile ya 1979 na umri wa leo, angefanya nini. Nilimjibu kwamba dini ya mtu ningewaachia wanaoijua na Mola anayeijua zaidi, lakini elimu yake ni deni, na deni halifutwi kwa rangi juu ya jiwe.

Nilipofika Mombasa nilimweleza dada yangu habari za Kigali, kwamba ni mwendo wa nchi kavu, na kwamba mtoto akienda huko atarudi. Hajakubali, lakini ameuliza ada ni kiasi gani. Jioni nilipita barazani. Wengi wa wazee wale wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nikakaa na waliobaki, nikawasimulia kama nilivyowasimulia ninyi, na kahawa ya siku ile nikailipa mimi.